Tarehe Iliyo Kwenye Kopo

Mzigo wa Maskat hauji kwa haraka. Wifi yangu hununua kidogo kidogo, hujaza maboksi, huyapeleka kwa wasafirishaji, nayo hukaa huko mpaka kontena lijae. Likishuka bandari ya Malindi, Unguja, kuna kungoja tena, kisha ndipo maboksi yapande meli ya kuja Pemba. Yanapofunguliwa hapa sebuleni kwetu Wete, vitu vingine vimebakiza miezi miwili, na vingine tarehe zake zimepita vikiwa bado baharini.

Hapo ndipo nyumba inapogawika. Mume wangu na watoto wakubwa hugeuza kila kopo, na lolote lililopitwa na tarehe huwekwa mlangoni lipelekwe jaani: dengu za kopo, sosi ya tungule, biskuti, vyote hukumu moja. Mama mkwe hatazami tarehe hata moja. Yeye hufungua, hunusa, huonja kwa ncha ya ulimi, na akishasema "kizima hichi, mwanangu," basi kinapikwa.

Kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja wa jumla, Chake Chake. Kazi yangu ilikuwa kupokea katoni, kusoma tarehe, kuziandika daftarini na kuipanga mali ili ya zamani itoke kwanza. Ndiyo maana inaniuma kuona dengu nzima zinakwenda kwa kunguru, halafu jioni ileile watu walewale wanakula wali uliokaa mezani tangu adhuhuri bila ya mtu kuuliza. Tunaiogopa tarehe pale isipotisha, na pale penye khatari hasa hakuna tarehe iliyoandikwa.

Tarehe za vyakula ziko za aina mbili, na kila moja ina ujumbe wake.

Ya kwanza ni ya ubora. Kwenye pakiti zenye Kiingereza huandikwa "Best before", au kwa kifupi BB. Ukikuta BBE, yaani "Best before end", na mwezi na mwaka tu, hesabu yake inakwenda mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Hapo mtengenezaji anakuahidi kwamba mpaka siku hiyo, pakiti ikiwa haijafunguliwa na imewekwa kama alivyoelekeza, kitu chake kitakuwa na ladha, harufu na rangi ile aliyokusudia. Ikipita siku hiyo, biskuti haigeuki sumu. Huenda imeanza kulegea, huenda majani ya chai yamepungua harufu, lakini vinalika na kunyweka. Tarehe hii ndiyo ya tambi, mchele, unga, biskuti, kahawa, mafuta ya kupikia, vitu vya kopo, na maziwa ya boksi yale yanayokaa nje ya friji.

Ya pili ni ya usalama, "Use by". Hii huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi na vinavyoweza kumdhuru mtu kabla hajaona dalili yoyote: nyama mbichi ya pakiti, samaki wa friji, soseji, jibini laini, saladi iliyokwishakatwa. Ikipita hii, usinuse, usionje, tupa. Namwambia mama mkwe kila siku, kwa adabu, kwamba pua yake ni nzuri na mimi mwenyewe naitegemea kwenye samli na unga, lakini wako vijidudu pua haiwezi kuwakamata. Bakteria anayeitwa Listeria hukua hata ndani ya friji, polepole, na chakula hakibadiliki harufu wala rangi. Kwa mja mzito anaweza kuharibu mimba. Pua ya mtu aliyepika miaka hamsini haitamwona.

Sasa, ugumu wetu sisi ni kwamba mali nyingi inayotoka Ghuba huja na tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kumalizika, basi. Imeandikwa hivyo kwenye jibini, imeandikwa hivyo kwenye tambi. Neno ni lilelile wakati vyakula ni mbali na mbali. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu lebo za vyakula kilirekebishwa mwaka 2018, na ndani yake aina hizi mbili za tarehe zimetenganishwa wazi, lakini kilichochapishwa kwenye pakiti hutegemea sheria ya nchi ilikotengenezwa au ilikokusudiwa kuuzwa. Kwa hiyo ukikuta neno la kumalizika tu, kiangalie chakula chenyewe. Je, ni kikavu, kina chumvi nyingi, kina sukari nyingi, ni kikali kwa siki au ndimu, kimefungwa kwenye kopo? Au ni kibichi, kina maji maji, kinataka baridi? Kile cha mwanzo kina nafasi, hiki cha pili hakina.

Wazee wetu waliujua mlango huu bila ya lebo. Achari ya embe inakaa kwa sababu ya chumvi na ukali. Ng'onda anakaa kwa sababu ya chumvi na ukavu. Halua ya hapa Wete inakaa kwa sababu sukari ni nyingi kiasi ambacho bakteria hapati maji ya kukulia. Na kiwango hichohicho cha Codex hakilazimishi tarehe kwenye chumvi isiyotiwa madini joto, siki, wala sukari ya chembechembe isiyoongezewa virutubisho. Sukari iliyoganda mabonge wakati wa masika, mabonge hayo yavunje kwa mwiko, uitie kwenye chai.

Kusoma tarakimu zenyewe nako kuna kazi. 05/06/26 kwa sisi ni tarehe 5 Juni, lakini kwa kitu kilichotengenezwa kwa soko la Marekani ni tarehe 6 Mei. Vinavyotoka China mara nyingi hutanguliza mwaka. Na kwenye pakiti za Maskat na Dubai kuna tarakimu za Kiarabu, ambazo mtu asiyezizoea huzisoma kwa macho ya tarakimu zetu: tano yao, ٥, inafanana na sifuri, na sita yao, ٦, inafanana na saba. Nimeona mtu akitupa katoni nzima kwa kusoma hivyo. Nyumbani kwetu msomaji wa lebo za Kiarabu ni mtoto wangu wa darasa la nne, kwa sababu anazo kichwani kutoka chuoni, na kazi hiyo anaipenda. Kama una mtoto anayesoma Kurani, mwite akusomee.

Kwa nini nashughulika na jambo hili? Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 kuhusu chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022. Hesabu ilikuwa tani bilioni 1.05, na katika hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani, siyo mahotelini wala madukani. Hizo za majumbani ukizigawa kwa watu wote duniani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 2018, uchunguzi wa Tume ya Ulaya ulionesha kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 zilizokuwa zikitupwa kila mwaka katika Umoja wa Ulaya zinahusiana na tarehe za kwenye lebo. Sisi tuko kisiwani. Unga wa ngano, sukari na sehemu kubwa ya mchele tunaoupika umevuka bahari, na kila katoni imelipiwa meli, bandari na wapagazi kabla haijafika dukani. Kuitupa kwa kutojua kusoma mstari mmoja ni hasara ninayoikataa nyumbani kwangu.

Kwenye makopo niwe wazi, maana ndiko tunakotupa zaidi. Kopo likiwa zima, limekaa pakavu, tarehe ya ubora ikipita halijafa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kwamba vitu vya kopo vyenye ukali, kama tungule na nanasi, hubaki katika ubora wake miezi 12 hadi 18, na visivyo na ukali, kama nyama, samaki na maharage, miaka 2 hadi 5. Cha kukiogopa ni umbo la kopo kuliko tarehe yake. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati, lililobonyea kwenye mshono, au linalorusha maji unapolitoboa, usilionje hata kidogo, hata kama limebakiza mwaka mzima. Ndani yake anaweza kuwamo bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na sumu yake hupooza misuli ya mtu mpaka ile ya kuvuta pumzi. Kwa hilo mama mkwe na mimi tumekubaliana, na ule ulimi wake hauonji tena kopo lililovimba.

Ila hesabu za kwenye lebo hudhani stoo kavu na yenye ubaridi. Jiko letu lina paa la bati. Saa nane mchana, kabati la juu lina joto la kukaushia karafuu. Kitu kilichopewa mwaka mmoja, ukikiweka hapo usitarajie mwaka. Mafuta huanza kunuka uzee, maziwa ya unga hubadilika ladha, kopo lenyewe huchoka. Makopo na unga nimeviteremsha vikae chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri, juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usipande. Unga na mchele nauweka kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana. Ukiingia fukusi mmoja mmoja, unga unachekechwa na kupikwa. Ukinuka uvundo au ukafanya koga, hauna dawa.

Koga ni mambo mengine kabisa. Boflo likiota koga upande mmoja, watu hukata pale penye kijani na kula pengine. Kwenye kitu laini kama mkate mizizi ya koga imeshapita ndani bila kuonekana, kwa hiyo unatupwa wote. Njugu na mahindi yaliyoota koga ni khatari zaidi, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoachwa na koga hiyo, ambayo kukaanga na kuchemsha hakuiondoi. Hapo sina huruma na chakula.

Wala sina huruma na maziwa ya kopo ya mtoto mchanga. Hiki ndicho kitu kikavu pekee ambacho tarehe yake naifuata kama amri, kwa sababu mtoto hana chakula kingine, na vitamini zilizoandikwa kwenye kopo zimehesabiwa mpaka siku ile. Marekani hawana sheria moja ya nchi nzima ya tarehe za vyakula, lakini maziwa ya watoto wachanga wameyatungia. Likishafunguliwa, fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi wiki nne. Yaliyokwisha kuchanganywa na maji yasikae nje zaidi ya saa mbili, na mtoto akibakisha kwenye chupa yamwagwe. Na kwa kuwa nimemtaja mtoto: asali, hata iwe safi ya hapa Pemba, hapewi aliye chini ya mwaka mmoja, hata iwe na tarehe nzuri namna gani. Mbegu za yule bakteria wa makopo zinaweza kuwamo, na tumbo la mtoto mchanga haliziwezi.

Watu wengi hawajaambiwa kwamba tarehe ya kwenye pakiti inakwisha kazi yake pale unapoifungua. Boksi la maziwa linaweza kukaa miezi kabatini, lakini ukishakata kona yake ni maziwa kama maziwa mengine: friji, na yaishe kwa siku chache. Mayonezi, sosi, jemu, jibini ya kopo, vyote vina mstari wa pili ulioandikwa kwa herufi ndogo, unaosema baada ya kufungua kitumike ndani ya siku ngapi. Mstari huo ndio wa kutafuta. Jikoni kwangu kuna kalamu ya wino mzito iliyofungwa uzi kwenye mpini wa friji, na anayefungua kitu anaandika tarehe ya siku hiyo juu ya kifuniko. Mayai hayana tarehe, huja kwenye trei kutoka kwa mfugaji, basi trei nayo inaandikwa siku iliyoingia. Tulifanya hivyohivyo na katoni kule stoo.

Halafu kuna umeme. Wanaokumbuka Pemba ya mashine za dizeli za Wesha wanajua friji ilivyokuwa kabati tu. Tangu mwaka 2010 tunapata umeme wa gridi kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hali imebadilika mno, lakini kukatika kunatokea. Lebo inayosema "weka kwenye baridi, tumia kabla ya tarehe fulani" haijui kwamba jana umeme ulikatika usiku kucha. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24, kwa sharti mlango usifunguliwe. Kama huwa unasafiri kwenda Unguja na hujui nyuma yako kulitokea nini, gandisha maji kwenye kikombe ndani ya friza, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda upya, na samaki wako pia. Usiwale.

Samaki wa pwani yetu hana lebo kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tuwe wakali. Jodari na vibua wakikaa juani, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinachoitwa histamini. Mtu akila uso unawaka, ngozi inawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, ndimu na pilipili haziiondoi. Mchuuzi anayepita na vibua saa tisa, ndoo haina barafu, mimi simwiti, hata ashushe bei vipi. Wale waliokuja asubuhi na barafu, nawasafisha na kuwagandisha siku ileile. Hata nyama ya pakiti yenye tarehe ya usalama ukiigandisha kabla siku yake haijafika, saa imesimama. Ukiyeyusha, ipikwe ndani ya siku moja.

Na wali. Sisi tunapenda mwiku. Wali wa jana na mchuzi wa jana asubuhi kwa chai ya rangi, nani asiyependa? Lakini mchele una bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa chunguni wenye uvuguvugu, mbegu huamka, bakteria huzaana na kuacha sumu, na ukiupasha asubuhi mpaka utoe moshi ile sumu haiondoki. Ndiyo yale matumbo na matapishi baada ya pilau ya harusi, watu wakasema ni husuda. Kipimo kinachotumika ni saa 2 nje ya baridi, na joto likizidi digrii 32, ambalo hapa ni joto la kawaida la mchana wa Januari, ni saa 1. Mimi wali ukibaki nautandaza kwenye sinia upoe upesi, kisha naingiza kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko. Mwiku unaliwa kesho yake asubuhi, umepashwa mara moja tu mpaka moto uingie katikati. Mama mkwe alilalamika kwamba wali wa friji umekauka. Nilimpashia kwa tui jepesi la nazi, na sasa anautaka hivyo.

Nisieleweke vibaya na wenye maduka. Haya ninayosema ni ya kabatini kwako, kwa kitu ulichonunua mwenyewe na unajua kilikaa wapi. Dukani mali iliyopitwa na tarehe inatolewa rafuni, na maofisa wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wanapopita kukagua na kuteketeza wanafanya kazi yao, kwa sababu mnunuzi hajui katoni ile ilikaa juani kiasi gani. Pakiti ambayo tarehe imefutwa kwa spiriti, imekwaruzwa, au imebandikwa karatasi yenye tarehe nyingine juu yake, irudishe hata ikiuzwa nusu bei. Tukikuta kitu bei imeshuka ghafla karibu na Ramadhani, kabla ya kufurahi tukigeuze kwanza.

Ramadhani ndiyo kipimo cha yote haya, maana Shaaban ikianza tunanunua utadhani maduka yatafungwa. Tambi, tende, kastadi, unga wa ngano, maziwa. Mwaka huu nimegawa orodha yangu. Vikavu nanunua mapema na napanga vile vya zamani mbele. Maziwa, mtindi na jibini nanunua kila wiki, kwa kadiri ya wiki hiyo. Na wifi nimempelekea ujumbe wa sauti kabla hajaanza kujaza maboksi: "Wifi, jibini usituletee, wala maziwa ya mtoto, haya tutanunua hapahapa. Tuletee dengu, tende, na ile zafarani ya Iran, na kila utakachoshika angalia kimebakiza mwaka." Amejibu kwamba dengu ameshazipata, za mwezi wa tisa mwaka ujao.